Magadi Ndani ya Maziwa

Sikusoma. Baba alisema shule ni ya wavulana, nikabaki na ng'ombe, na ulimi wangu ukajifunza maziwa. Kwa hiyo kituo kimoja cha maziwa pale Karatu kiliniajiri kuonja kabla hayajamiminwa kwenye tangi. Yaliyoanza kuchachuka huuma pembeni mwa ulimi. Yaliyotiwa magadi hayaumi. Huacha ladha ya sabuni, na ukiyasugua kati ya vidole huteleza.

Mwaka wa mvua za elnino barabara ya Ganako ilikatika, maziwa yakawa yanafika mchana, yote yamechachuka. Siku moja, maziwa ya Josephati pekee hayakuwa machachu. Josephati ni kaka wa mume wangu na mzee wa kanisa. Nikaonja, nikatema. Nikamwambia Obed, karani aliyetoka Moshi na cheti chake, kwamba yametiwa magadi kuficha uchachu.

Obed akachovya karatasi ya bluu. Ingekuta asidi ingegeuka nyekundu. Haikugeuka.

"Chovya na ile nyekundu," nikasema.

"Mama Hilary, maziwa huharibika kwa asidi. Nyekundu ya nini?"

Josephati akacheka, akasema shemeji yake siku hizi ni daktari. Maziwa yakamiminwa.

Kesho yake hoteli inayonunua maziwa yetu ikarudisha tangi zima. Yalipochemshwa yaligeuka manjano na kunuka sabuni. Ndipo Obed akachovya karatasi nyekundu, ikawa bluu mbele ya meneja wa kituo. Nikadhani nimepona. Meneja akauliza ni nani aliyetia magadi. Kila jiko la Karatu lina magadi ya makande, lakini Josephati alijibu kwa upole kabisa.

"Aliyejua kabla ya karatasi, mzee, si ndiye aliyetia?"

Obed alijua nilichosema jana. Akatazama viatu vyake.

Nikafukuzwa saa ileile. Mume wangu alikuwa amemwona kaka yake akisaga magadi alfajiri, na aliniambia hivyo tukiwa wawili tu. Kisha akanituma nikaombe radhi, maana shamba tunalolima liko kwa jina la Josephati.

Nikaenda Jumapili. Nikapiga magoti nje ya kanisa nikasema nilitia mimi. Josephati akanisamehe watu wakisikia, nao wakamsifu kwa moyo wake mwema.