Benchi la Saa Kumi

Kila mwaka, fundi saa alianza upya kupanga safari ya mji wa pwani. Ilikuwa iwe mwanzo wa kiangazi, kabla wageni hawajajaa, naye aliipanga kama anavyofungua saa, kila kipande mahali pake juu ya kitambaa cheupe. Vidole vyake vinene, ambavyo nyumbani havikosi kikombe cha kuvunja, vilishika penseli kwa upole wa ajabu. Basi la kwenda pwani, saa mbili na dakika tano. Soko la samaki, dakika arobaini, zisizidi. Siku ya pili, saa kumi kamili, benchi linalotazama bahari. Mkewe akiuliza wanaondoka lini, alijibu bila kuinua kichwa, "Bado kuna kitu kidogo cha kurekebisha, mama watoto." Hicho kitu kidogo kilikuwa na miaka sita.

Mwaka huu mke aliingia dukani kwa mumewe na begi mkononi. "Nipe hiyo karatasi. Mimi nakwenda." Fundi hakubisha. Alimvua saa ya mkononi, akaiweka sikioni, akaisogeza mbele dakika mbili, akamrudishia pamoja na karatasi. Siku ya pili simu ikalia.

"Baba watoto, nimekaa kwenye benchi lako. Bahari hii hapa, hata siamini!"

Fundi akatazama saa ya ukutani. "Umewahi dakika kumi. Inuka, uzunguke kidogo."

Mke alicheka mpaka akakata simu. Saa kumi ilipogonga, fundi alitoa lenzi jichoni, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, ukingoni kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja.