Maksi za Njia

Jumanne iliyopita, saa nane na dakika arobaini mchana, nilikuwa kwenye duka la barua pepe Mkuyuni. Msichana wa kidato cha pili alikuwa akimsomea karani kazi ya kumtumia mwalimu wake aliyeko Dar, anayemwandaa kwa mashindano ya hesabu. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa tisa.

“Tutume majibu tu, mdogo wangu. Muda unakwisha.”

“Dada, mwalimu anasahihisha njia, si majibu tu. Andika tatu juu ya nne, jumlisha...”

Karani aliguna, lakini aliandika kila mstari. Saa tisa kasoro dakika mbili akasema, “Haya, imekwenda.”

Mimi nilivuka kidato cha pili kwa maksi za njia. Majibu yangu hayafai kutajwa katika safu hii ya gazeti. Kesho yake asubuhi nilikwenda Usagara, kumpa shikamoo mwalimu aliyenipa maksi hizo.