Wageni Kwenye Michungwa

Wifi yangu hajui kula chungwa. Watu wengine humenya wakala. Yeye huligeuza kwanza, akalitazama kitako, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa, ndipo akumbuke kwamba ana njaa. Ameolewa na kaka yangu siku nyingi sasa, na tangu aingie kwetu hakuna tunda, ua wala mche uliopita mlangoni bila kupekuliwa. Kazi yake ni ukaguzi wa mimea. Shingoni ananing'iniza lenzi ndogo kwa kamba ya kiatu, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Lenzi, ingawa watoto wake wana majina mazuri tu.

Ukimuuliza kazi hiyo ni nini hasa, umejitakia mwenyewe. Atakushika mkono akueleze kwamba kuna wadudu na magonjwa ya mimea ambayo hapa kwetu hayapo, na kwamba mzigo wowote unaoingia unaweza kuwa umeyabeba. Basi yeye hujiuliza: huyu ataingia kwa njia gani? Akiingia, atapata cha kula? Ataenea upesi kiasi gani? Na akishaenea, nani atalia? Anasema hatari hupimwa kwa maswali, si kwa kelele. Siku moja nilimtania kwamba hata kaka yangu alipokuja kumposa ilibidi apimwe hivyo hivyo. Akasema alimpima, na kwenye swali la chakula alianguka vibaya sana, ila alikuwa ameshaingia.

Ofisini kwao mdudu wa namna hiyo, asiye wa hapa, wanamwita mgeni. Tena hawaongezi neno lingine, ni mgeni basi. Mimi nililijua hilo, lakini siku ya siku lilinitoka kichwani kabisa.

Mimi nina kitalu cha miche ya michungwa nyuma ya nyumba ya mama yangu. Mingi imo ndani ya nyumba ya wavu, na mingine huwa naitoa nje, karibu na geti, izoee jua. Kila mche nimeuunganisha kwa mikono yangu, kijiti juu ya kijiti, nikaufunga kwa utepe wa plastiki na kuubembeleza mpaka ukashika. Msimu huo wakulima wa bondeni walikuwa wanang'oa michungwa yao mizee, na walitaka kuchukua miche yangu yote kwa mkupuo. Yote! Kama wasingeichukua, mizizi ingejaa mifukoni, miche idumae, na mimi nifunge kitalu nikatafute kibarua. Nilikuwa silali kwa furaha na woga.

Asubuhi waliyokuja kuikagua, nilivaa viatu visivyofanana na sikujua. Mwenyekiti wao alitangulia, mtu mkavu, wa maneno machache, wenzake wakamfuata, wote moja kwa moja kwenye miche. Mimi nikajibanza nyuma ya tangi la maji nikampigia wifi simu. Nilitaka aje aongee nao kitaalamu, maana mimi nikifurahi huwa naropoka.

"Wifi, wageni wamefika!" nilinong'ona.

"Wamefika wapi?"

"Hapa kwangu! Wako kwenye michungwa sasa hivi, wameenea mpaka mwisho kule."

"Wameshaanza kula?"

"Bado. Ndio nataka niwatengee kitu."

"Usiwape chochote! Funga geti, wifi. Asitoke hata mmoja, unanisikia? Hata mmoja! Nakuja."

Nikasema moyoni, kumbe huyu mwanamke ana akili ya biashara. Nikafunga geti kwa kufuli na ufunguo nikautia kifuani. Mwenyekiti alipotaka kwenda garini kuchukua miwani yake, nikamwambia geti limekwama. Akalitazama kufuli, akanitazama mimi, nikacheka peke yangu.

Haukupita muda gari la ofisi ya wifi likaja mbio na vumbi lake. Wakashuka watu wa ovaroli na glavu, mabomba ya dawa mgongoni. Wifi aliruka kabla gari halijasimama, lenzi inamdundadunda kifuani. Nikafungua geti.

"Wako wapi?" aliuliza akihema.

"Si hawa hapa," nikamwonyesha Mwenyekiti na wenzake.

Wifi aliwatazama, akanitazama, halafu akashika nguzo ya geti akacheka mpaka machozi. Wenzake nao wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka.

"Kwa hiyo wadudu ni sisi?" aliuliza.

Niliona aibu ya kufa mtu. Wifi akaomba radhi, akamsalimia kila mmoja kwa heshima zote, na ili kupoza mambo akasema kwa kuwa ameshafika, basi atazame kidogo. Hapo getini palikuwa na ua kwenye kopo, la maua meupe yenye harufu tamu, ambalo mama alikuwa amerudi nalo aliposafiri kumtembelea dada yake nje ya nchi. Wifi akaligeuza jani moja, kwa mazoea tu. Akainua lenzi. Kicheko kikamkatika.

Akaenda taratibu hadi barazani alipokaa mama, akapiga magoti. "Mama, samahani, lile ua getini limetoka wapi?"

"Limetoka kwa Mungu, kama wewe."

"Ni kweli, mama. Na kutoka kwa Mungu hadi hapa, lilipitia wapi?"

"Kwenye pochi yangu. Nani wa kupekua pochi ya bibi kizee?" Mama alianza kuchukia. "Kitambaa kibichi, nailoni juu, na halikunyauka hata jani. Kwani kuna nini, mwanangu?"

Wifi akainuka, akarudi kwenye lile ua. Akanivuta, akanipa lenzi. Nikamwona: mdogo kuliko punje ya mchele, kichwa chini, makalio juu, kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mabawa yake yalikuwa na madoa ya kahawia.

"Wetu wa hapa anakaa hivyo hivyo," wifi alisema, "lakini mabawa yake ni angavu. Huyu si wetu. Wifi, ni mgeni! Mgeni wa kweli! Miaka yote nimemtafuta kwenye makontena na masanduku, kumbe yuko getini kwa mama mkwe!"

Na akarukaruka. Naapa, alirukaruka kama mtoto aliyeona mvua. Mimi nilikuwa na ndoo mkononi, na nusura nimvike kichwani.

Kisha akawageukia wakulima na kuwaambia bila kuficha. Mdudu huyu hunyonya machipukizi ya michungwa, milimau na ndugu zake kama lile ua, na huko alikotoka hubeba ugonjwa unaogeuza majani manjano na matunda kuwa machungu. Mchungwa ukishaupata hauponi. Akiingia bondeni, bonde lote litalia. Mwenyekiti alirudi nyuma, akakung'uta mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Miche hii siichukui," alisema.

Mwenzake mmoja akasema kwani tatizo ni nini, ipuliziwe dawa ipakiwe. Wifi akamjibu kwamba dawa humuua unayempata, na yeye anamhofia asiyempata. Akachukua lenzi yake kwangu, akapitia miche ya nje na ya mlangoni kwa wavu, kisha akampigia mkubwa wake. Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tukasikia: choma vyote, usiache kitu.

Nilipiga kelele iliyomwinua mama kitini. Nilimwambia wifi maneno mazito, kwamba amekuja kwetu kula na sasa anatumaliza, kwamba anafurahia msiba wangu. Aliniacha nikamaliza. Halafu akamrudia mkubwa wake simuni, na hapo ndipo nilipoona kazi yake.

"Mkubwa, naomba tupime kwanza," alisema. "Ameingia na ua, hilo tunalijua. Miche ya nje iko karibu na ua na ina machipukizi, na nimeshaona watoto wake pale, wana nyuzi nyeupe. Hiyo ichomwe leo, sina ubishi. Lakini ya ndani ina wavu wa tundu dogo na mlango wa pili, na upepo wa hapa unatoka kwenye wavu kuja getini. Nimepitia miche ya mlangoni, sijaona kitu. Tuifunge. Tutege kadi za njano za gundi ndani na mtaa mzima. Mkaguzi nisiwe mimi, maana mwenye kitalu ni wifi yangu. Akionekana mmoja tu humo ndani, kiberiti nitawasha mwenyewe."

Kisha mkubwa akasema, "Akitoroka, jina ni lako."

"Ni langu," wifi alisema.

Ua, kopo na miche yote ya nje vilipuliziwa dawa, vikafungwa mifukoni na kuchomwa shimoni jioni hiyo hiyo. Nyumba ya wavu ikafungwa kwa utepe. Wataalamu wa maabara wakathibitisha kwamba kweli alikuwa mgeni. Wiki zikaanza kwenda na mimi sisemi na wifi.

Yeye alisema na mimi hata hivyo! Kila jioni alipita na habari mpya, macho yanamng'aa. Leo wamekagua milimau ya mtaa wa juu, safi! Leo kadi za sokoni, safi! Mama naye, baada ya kununa kwa siku kadhaa, akageuka polisi: akawa anatangulia mbele ya wakaguzi nyumba hadi nyumba, akigonga milango na kuwauliza wazee wenzake kwa sauti kubwa nani ana kijiti cha ng'ambo kwenye pochi. Nilisikia vicheko vyao nikiwa jikoni na nikazidi kukasirika. Niliona wifi anafanya mchezo na maisha yangu.

Wakaguzi walikuja wakaenda, wakaja tena. Siku ya kutoa kadi za mwisho, Mwenyekiti alifika mwenyewe. Akasema ameambiwa kadi zote za nyuma zilikuwa safi, lakini yeye anaamini macho yake tu. Mkaguzi akamtazama wifi, naye akaivua ile kamba ya kiatu shingoni, akampa Mwenyekiti lenzi.

"Bonde ni lako. Soma wewe."

Wakamwekea kadi mezani. Akainama. Nzi huyu, mbu yule, vumbi, unyoya. Kadi baada ya kadi, mtu mkavu yule akawa anaguna na kushangaa kama amefunguliwa dunia nyingine. "Kumbe nzi ana nywele!" Sisi hatukucheka. Ikafika kadi ya mwisho. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu hapa ni mdogo," alisema.

Nilishika ukingo wa meza. Mkaguzi akasogea, lakini Mwenyekiti hakuachia lenzi.

"Amekaaje?" wifi aliuliza kutoka alikokuwa amekwenda kusimama, karibu na mlango wa wavu. "Makalio yako juu?"

"Amelala chali."

"Mabawa yana madoa?"

Mwenyekiti alitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Hana mabawa," alisema. "Ana miguu sita na kiuno. Huyu si sisimizi?"

Mkaguzi akaangalia. Alikuwa sisimizi.

Mwenyekiti akajinyoosha, akageukia wenzake waliokuwa getini. "Leteni lori."

Jamani! Nilipiga vigelegele, nikacheza, nikamkumbatia mkaguzi, nikamkumbatia Mwenyekiti ambaye alisimama kama mlingoti. Nikageuka kumtafuta wifi nimwombe radhi mbele za watu. Hakuwa anarukaruka. Alikuwa ameketi chini mlangoni kwa wavu, mgongo kwenye nguzo, kichwa amekiinamisha magotini.

"Wifi, una nini?"

"Tangu siku ile silali," alisema. "Nikila natapika. Nilijua nikikosea nimewaua nyinyi, au nimeua bonde lote. Kaka yako nilimkataza asikwambie."

Na kila jioni alikuja kwangu anacheka. Nikakaa chini kando yake, na badala ya samahani nikampa chupa ya maji. Nililia tu, na kichwa changu kikaegemea miche ambayo wakulima walikuwa wameshaanza kuipanga mlangoni ipakiwe. Akapiga funda la maji niliyompa, akanisukuma begani.

"Toka hapo, wifi," alisema. "Usiwalowanishie watu miche yao."