Niliomba programu mpya kabisa, ikakataa

Niko karibu kulia, ba rafiki.

Programu ya radio yetu hapa Lushebere ilikufa, na hata mikro inapitia ndani yake. Kaka yangu mwenye anakaa Mpofi akatuma ingine kwa kle USB, na motard wa pikipiki, ndani ya matope yote ile.

Naweka... Linux inakataa! Ile programu inaomba libc6, maktaba ya ndani ya Linux, kuanzia 2.34. Yetu iko 2.31.

Mimi njo nilimuambia: "Tuma mpya kabisa!" Angepiga tu komandi dpkg -I, angeona version yenye inaomba mbele motard atoke.

Kumbe mama moja wa kambi ya wakimbizi amekaa kwa mikro. Mutoto wake alipotea wakati ya kukimbia vita.

"Papa, nianze?" ananiuliza.

Mwenye iko na programu ya zamani, yenye inakubali 2.31, aandike hapa haraka!

Mama ameisha kuanza kumuita mutoto wake kwa mikro. Nimeshindwa kumuambia kama hakuna mwenye anasikia.