Nani Alimuogesha Asukulu?

Saa moja asubuhi, mjini Baraka. Mama Marthe anafunga kitambaa kichwani, anavaa viatu vyenye soli iliyoshonwa kwa kamba ya wavu, kisha anashusha pumzi kabla hata hajatoka mlangoni.

Serikali imefuta majina ya ubatizo kama Marthe, lakini huku kandokando ya ziwa hakuna anayemwita vingine. Kazi yake katika kituo cha kanisa ni kuwatafutia yatima makao kwa ndugu zao. Watoto thelathini na mmoja, mfanyakazi mmoja.

"Mi nachoka, ndugu yangu," anasema. "Hata kulala kunanichokesha."

Huu ni mwaka wa pili anafanya utafiti pamoja na Gisaro, mhadhiri kutoka Bukavu. Wanataka kujua nini humfanya yatima asitawi kwa ndugu. Maswali waliyatunga pamoja, wakibishana mpaka chai ikapoa. La kwanza lilikuwa hili: mtoto huyu ni wa nani?

Kila nyumba ilijibu kwa fahari: "Ni wetu siye bote!" Wakafurahi. Ua mmoja wa ukoo, kule kijijini Lweba, waliuona bora kuliko zote.

Mwezi wa tatu, msichana yatima aliyelelewa katika ua ule alishikwa na surua. Kila mkubwa alidhani mwenzake amempeleka dispensari. Akafa.

"Tulishirikiana nao kumzika," anasema Gisaro. "Swali letu lilikuwa baya."

Sasa wanauliza jingine. Leo wako kijijini Swima, kwa ndugu za Asukulu, yatima wa miaka mitatu. Jibu lisiporidhisha, watamrudisha kituoni, ambako watoto tayari wanalala watatu watatu. Ua mzima umekusanyika.

"Nani alimunawisha mutoto leo asubuhi?" anauliza Marthe.

Wanaangaliana. Jamani! Mjomba mtu anakohoa, anatazama ziwani. Marthe anainama, anaanza kumfunga mtoto mgongoni.

"Ni mi!" Ni shangazi wa mtoto, Anastasie, anayemenya muhogo nyuma ya jiko; hakuna aliyemwita kikaoni. "Nani mwingine? Anapiga makelele, ananimwagia maji, kikwembe yangu yote inalowa. Mi nachoka na ule mutoto!"

Marthe anacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Anamshusha Asukulu, naye anakimbilia muhogo.

Njiani kuelekea Baraka, miguu imemvimba Marthe, lakini bado anatabasamu.

"Mbele ya mvua kuanza," anasema, "nataka batoto bote, kila mumoja, apate muntu wa kumulalamikia kama Anastasie."