Siku Anastazia Alipozima Mashine

Anastazia Zebedayo alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba yake, manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliyetoka Kasulu na asirudi tena kwao, alikuwa akilisha korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, hadi siku ilipomkata vidole. Kilichomuuma zaidi ni kwamba korona iliendelea kuzunguka huku yeye anabebwa. Hakuna aliyethubutu kuizima bila ruhusa ya msimamizi.

Anastazia alipokua alihamia mjini, mtaa wa Mabawa, akaolewa, akamzaa Innocent, akapata kazi ya kusokota kwenye kiwanda cha kamba. Mvumo wa mashine aliuzoea kama mtu anavyomzoea mume anayekoroma.

Kisha kiwanda kikaanza kutafuta cheti cha viwango vya kimataifa vya ubora na usalama, maana wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wakikiulizia. Ikawa mafunzo kila wiki. Mistari ya njano ikachorwa sakafuni, kujifunga khanga karibu na mashine kukakatazwa, na kila mashine ikawekewa kitufe chekundu cha kuizima. Mwinyijuma, msimamizi wa zamu, aliwatangazia kwamba yeyote akiona hatari abonyeze, asingoje ruhusa. Waliitikia, lakini hakuna aliyebonyeza. Walimjua Mwinyijuma: mashine ikisimama kidogo tu, ananuna mpaka jioni.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye kofia ngumu, alikuwa akipita kati ya mashine pale Anastazia alipoona kitu cheusi kinavutwa pamoja na singa, zile nyuzi za mkonge, karibu kabisa na mkono wa jirani yake, Samiha. Akadhani ni ncha ya mtandio wa Samiha. Akabonyeza.

Mashine ikazimika, na ukimya ukatanda. Samiha akajishika kichwani. Mtandio wake ulikuwa salama, umechomekwa ndani ya koti la kazi. Kilichonaswa kwenye singa kilikuwa kitambaa cha kufutia mafuta.

Mtu akacheka kwa nyuma. Uso ukamwaka Anastazia. Aliona cheti kimeshapotea, na aliyekipoteza ni yeye. Mwinyijuma alikuja mbio, mishipa ya shingo imemsimama. Akakitazama kitambaa, kisha akamtazama Samiha, ambaye mkono wake ulikuwa bado kichwani.

"Mama Innocent, uliona nini?"

"Niliona mtandio wa Samiha, Bwana Mwinyijuma. Kumbe sio."

Mwinyijuma aliinama kwenye mashine.

"Umefanya sawa," akasema. "Na siku nyingine ukiona hivyo, bonyeza."

Akakinyofoa kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza mashine iwashwe. Mkaguzi akaendelea na safari yake.

Cheti kilikuja miezi baadaye, baada ya kiwanda kuambiwa kiondoe marobota yaliyoziba mlango wa dharura. Kama kitufe chake kilisaidia, Anastazia hakujua wala hakuuliza. Yeye alifurahia jambo jingine. Tangu siku ile watu walianza kubonyeza, wa kwanza Samiha, na Mwinyijuma akajifunza kununa na kushukuru kwa pamoja. Siku hizi wafanyakazi wapya wakija, ni Anastazia anayewazungusha kiwandani. Huwaanzishia kwenye mashine yake, akamwambia kila mmoja abonyeze mwenyewe, asikie inavyonyamaza.