Nilivyogeuka Shangazi wa Watu Kule Kianda

Jamani, hili nawasimulia nikiwa nimefunika uso kwa khanga, maana mpaka leo nikipita Kianda kuna mama mmoja muuza mboga akiniona tu anapiga vigelegele, na watu wanageuka kutafuta harusi iko wapi.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Morogoro, na nilikuja Nairobi kusimamia wasichana wanaoshona sare za shule kwenye karakana moja Kawangware. Kazi haikunishinda hata kidogo. Kilichonishinda ni Jumapili. Nikitoka kanisani narudi chumbani, nafua nguo ambazo hata hazijachafuka, napika wali wa mtu mmoja (wali wa mtu mmoja hauna ladha, asikudanganye mtu), halafu nampigia mama simu mpaka yeye mwenyewe anasema, "Neema mwanangu, niache nipumzike." Majirani walikuwa wema, ila nikisema "Samahani dada, naomba kukuuliza," wanacheka na kumwita mwenzao, "Kuja uskie venye anaongea!"

Kwa hiyo Akinyi, mwenzangu wa meza ya kukatia vitambaa, aliponialika kwao Kianda nikale chakula cha mchana na mama yake na akina mama wa chama chao, mimi niliona mambo yangu yamenyooka.

"Ukifika steji unipigie nikukujie," akaniambia. "Huko kwetu ukikosa kona moja, umepotea."

Nikamwambia asijisumbue, anielekeze tu. Akasema nikishapita kanisa la mabati nitaona geti la bluu. Basi, hapo ndipo nilipojiponza. Nilitaka nifike mwenyewe, nibishe hodi kama mwenyeji, waseme huyu Mtanzania si mchezo.

Jumapili nikavaa kitenge changu kikali, nikapiga kilemba, nikabeba mchele wa Kilombero alionitumia mama, boda boda ikanishusha karibu, nikapita kanisa la mabati, na geti la bluu hilo hapo. (Kumbe ukipinda kidogo kuna lingine, la bluu iliyokolea zaidi, lakini nani alinitajia ukolevu?) Mama mmoja aliyekuwa akiosha sufuria nje akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndio ule wa Tanzania?"

"Ndiyo mimi."

Akaitupa sufuria. "Waya! Waya amefika!" Ndani wakaitikia kwa vigelegele, "Waya! Waya!"

Sasa nyie mnanijua nilivyo. Shuleni walishaniita fito, wakaniita njiti, kwa hiyo nikajua Akinyi keshautangaza mwili wangu kwa ukoo mzima. Waya! Iliniuma kidogo, lakini nikajiambia, Neema, watu wakikupa jina la utani kabla hujakaa, ujue wamekupenda.

Nikapokelewa mchele, nikakalishwa kwenye kochi kubwa lililotandikwa vitambaa vyeupe. Nikauliza Akinyi yuko wapi, wakasema yuko jikoni na wenzake. (Nyumba ya Wajaluo isiyo na Akinyi sijaiona mpaka leo.) Mbele yangu walikaa wanaume waliovaa makoti na akina mama wenye mikoba mapajani, wote wamenyooka kama wanapigwa picha. Mwenye nyumba, Mzee Ouma, ambaye bila miwani haoni vizuri, akaja kunishika mikono yote miwili.

"Waya, wewe ulipotea kabisa."

"Kazi, mzee wangu," nikamjibu.

Bibi mmoja akanikodolea macho. "Lakini umekonda, aki. Na uso imebadilika."

"Ni jua, bibi."

Akaridhika! Tukala. Nilikula samaki, nikala kuku, nikala chapati, na kila nikisita mtu ananiongezea, "Kula, Waya, umetoka mbali." Kutoka Kawangware mpaka Kianda si mbali, lakini nani mimi niwabishie?

Tulipomaliza, Mzee Ouma akasimama na kukohoa. "Wageni wetu wanasema wameona kitu kizuri kwa hii nyumba. Sisi hatuwezi kujibu kabla Waya hajaongea. Waya, unasemaje?"

Nikatazama meza. Kwenye sinia alibaki kuku mzima, hajaguswa, na mzee mmoja mwenye koti alikuwa anamwangalia kwa huzuni. Nikaelewa (yaani, nilidhani nimeelewa): watu hawa wanataka kufungiwa kuku waondoke naye, wanaona aibu, na mimi mgeni wa heshima ndiye wa kuwatoa aibu. Nikasimama, nikaweka kilemba sawa.

"Wapendwa," nikasema kwa ile sauti ya kutangazia kanisani, "msione haya. Kama mmekipenda, chukueni! Kuanzia sasa ni chenu. Tena kama hakiwatoshi, vingine viko jikoni, nendeni mkachague."

Wasichana waliokuwa wanasikiliza nyuma ya pazia la jikoni wakapiga mayowe, upande wa makoti ukalipuka kwa vigelegele, wanaume wakaanza kupeana mikono, na glasi ya soda ikamponyoka Mzee Ouma.

"Waya! Unapeana mtoto hivyo? Hata hatujaongea!"

"Mtoto?" nikauliza. "Si kuku?"

Kabla hajanijibu, mlangoni akatokea mama mnene, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, begi mkononi. "Mbona mnashangilia na mimi sijafika?"

"Waya!" bibi akapiga kelele, halafu akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia. Mzee mwenye koti, Mungu ambariki, akaninong'oneza, "Mama, waya kwa Kijaluo ni shangazi. Ndugu ya baba."

Nilifikiria kukimbia, lakini mlango wote ulikuwa umejaa shangazi. Basi nikabaki nimesimama, nikasema, "Naitwa Neema. Ni fundi. Nimealikwa na Akinyi, na nadhani si Akinyi wenu. Nisameheni."

"Huyu alikuja kukula tu," kijana mmoja wa pale nyumbani akasema, na hilo lilinichoma kuliko yote.

Msichana mwenyewe aliyekuja kuposwa, Atieno, alikuwa ametoka jikoni akiwa ameshikilia pazia, machozi yanamtiririka. Nikamwendea kumwomba radhi, nikiwa nalia na mimi, kumbe mwenzangu anacheka mpaka hawezi kupumua.

Mzee Ouma hakucheka. Shangazi akaketi kwenye kochi langu, akaomba maji, akaamuru asimuliwe tangu mwanzo. "Alisema vingine viko jikoni?" akauliza, akacheka mpaka begi likaanguka. Kisha akamgeukia kaka yake. "Ouma, mmesumbuana na hawa watu vya kutosha. Atieno, wewe unamtaka huyu kijana wao?"

"Namtaka, Waya."

"Basi huyu mgeni ameniongelea yenye nilikuja kuongea. Sasa tukae tupange vizuri. Lakini wa jikoni wanabaki!"

Hapo hata Mzee Ouma alishindwa kujizuia.

Nilipotoka nje nikakumbuka simu, niliyoizima sauti kanisani. Akinyi alikuwa amepiga mpaka amechoka, sasa anazunguka akiuliza kila mtu kama ameona Mtanzania mrefu. Nikampigia akaja, akanifikisha kwao, mama yake akanipakulia sahani ya mlima, na mimi, kwa aibu ya kuchelewa, nikala yote. Yote! Nilirudi Kawangware nimekaa upande kwenye boda boda.

Marafiki nimepata, siwezi kukataa. Atieno alinifuata karakana nimshonee gauni, na siku hizi Jumapili mama ndiye analalamika kwamba simpigii. Lakini nimekoma. Nikialikwa mahali nangojea steji, waje wanishike mkono. Na nikiombwa kusema neno mbele ya watu, hata kama ni kushukuru kwa chai tu, kwanza nauliza kwa sauti kubwa, wote wasikie: "Hebu nielezeni, ni nini hasa mnataka kuchukua?"